Ukurasa Ambao Hakuna Paluku Aliyeuchagua

Mmenisumbua vya kutosha, ninyi vijana mnaotaka kufungua tena chumba cha kusomea pale parwasi, yaani parokiani. Kila mkinikuta sokoni ni "Mama Bitabu, utuandikie, kazi ilikuwa namna gani?" Haya, ninaandika. Ninaandika Kiswahili nilichofundishwa na masista; kile cha midomo yetu mtakisikia watu wenyewe wakiongea. Lakini msitegemee utamu. Nimewasomea watoto wa watu tangu nikiwa msichana mpaka magoti yangu yalipokataa kupanda pikipiki. Nilisoma Butembo, Lubero, Kirumba, Kayna, na Beni pia, wakati ule mtu anakwenda Beni asubuhi, anarudi jioni, na hakuna anayemshangaa. Kazi hiyo ilinifurahisha sana. Imeniachia na majuto, na leo majuto ndiyo yanayoshika kalamu.

Nitawaeleza hasa kitabu kimoja, kwa sababu nimekisoma tena majuzi na kimetugombanisha nyumbani. Kwanza mjue nyumbani kuna nani. Binti yangu wa mwisho anaitwa Kavugho. Vita ilipofika kwao Kirumba, alikuja kwangu Butembo na watoto wake wawili, godoro kichwani na sufuria moja mkononi. Bwana yake, Muhindo, alibaki kule na mama yake mzee aliyepooza, ambaye alisema yeye hatoki kwenye nyumba yake, atakayetaka kumwua amkute kitandani. Tangu siku hiyo tulikuwa na swali moja tu chini ya paa letu: Kavugho abaki kwangu, ama arudi kwa bwana yake, na barabara iko vile iko? Mimi nilitaka abaki. Ninasema mapema msije mkafikiri mimi ni mtakatifu.

Sasa kitabu. Kilitufikia ndani ya sanduku la zawadi kutoka Ulaya, katikati ya kamusi zisizo na herufi A na magazeti ya mitindo ya nywele. Ni cha watoto, cha Kifaransa, na kimetengenezwa kwa namna ya ajabu. Hakina shujaa mwenye jina. Shujaa ni wewe unayesoma. Kinakuambia: wewe ni mgeni, umefika kwa watu wa nchi ya theluji, wanaolala ndani ya hema za ngozi na kufuga wanyama wenye pembe kama matawi. Halafu chini ya ukurasa kinakuuliza unataka nini. Ukitaka kwenda kuvua samaki, fungua ukurasa huu; ukitaka kubaki kushona ngozi na wamama, fungua ule. Unachagua, na hadithi inakufuata. Njia moja inakupeleka kwenye arusi. Nyingine inakuzamisha kwenye barafu, na kitabu kinakuambia pole, anza tena.

Nilikuwa natafsiri papo hapo, jicho moja kwenye Kifaransa, la pili kwenye watoto. Theluji haikunipa shida. Pale Beni unangoja mawingu yafunguke, unawaonyesha mlima Ruwenzori kwa kidole, unasema: ile nyeupe kule juu, fikirini imeshuka mpaka kwenye mlango wa mama yenu. Wanapiga "Weee!" na kazi imekwisha. Wale wanyama ndio walionitesa. Nilianza kwa kusema swala. Mtoto mmoja wa Lubero akasimama: "Madame, swala gani banakamuaka maziwa?" Nikaona aibu, nikasema haya, ni mbuzi ya baridi. Jina likabaki. Leo kuna watu wazima hapa Butembo, wana maduka na magari, wanaoamini kabisa kwamba duniani kuna mnyama anaitwa mbuzi ya baridi. Sitapita nyumba kwa nyumba kuwasahihisha.

Kwa hiyo mkikosa neno, msisimame. Mtoto anasamehe neno baya, hasamehi hadithi iliyokatika wakati anataka kujua kama mtu amezama.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mwalimu Ndungo, mtu mfupi, mkali, koti lake limejaa nyuzi na vipande vya karatasi mfukoni. Yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya kutembeza masanduku ya vitabu kwenye shule za parwasi kabla yangu. Alijua kufunika kitabu kwa karatasi ya mfuko wa simenti, ile ya ndani isiyo na vumbi, hivi kwamba hata mvua ya Lubero haikiingii haraka. Kitabu kikilowa, alisema, usikipeleke karibu na moto, kitajikunja. Weka karatasi kavu katikati ya kurasa, kilaze chini ya gunia la maharagwe, kisahau. Gundi alipika mwenyewe kwa unga wa muhogo, na ndani yake alitia pilipili ili panya wasile. Panya waliacha kula. Watoto nao waliacha kulamba kidole kabla ya kufungua ukurasa, baada ya siku ya kwanza tu, na kilio cha siku hiyo ninakisikia mpaka sasa. Mimi nilikasirika, yeye alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini na yeye kitabu hiki kilimpiga. Mara ya kwanza alikichukua Lubero peke yake, bila kukifungua kabla, akakisoma kama anavyosoma misale ya kanisani, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka mwisho, mbele ya darasa zima na walimu wao. Basi kwenye ukurasa mmoja mgeni anazama majini na kufa. Ukurasa unaofuata anakunywa supu. Unaofuata anaoa. Baadaye anafika kijijini kwa mara ya kwanza na kusalimia. Watoto wakatazamana. Ndungo hakurudi nyuma hata kidogo. Alisoma kwa sauti ileile mpaka neno la mwisho, akafunga kitabu, akauliza kama kuna swali. Katekista mmoja mzee, amekaa nyuma kabisa, akasema: "Hapana swali, Mwalimu. Amefufuka." Aliponihadithia alikuwa bado amekasirika, si kwa kitabu, kwa katekista.

Someni kitabu nyumbani kwanza. Hata kile mnachofikiri mnakijua.

Nikaanza kukisoma mimi, sasa kwa kufuata maswali yake, na hapo ndipo ninapotaka kuwafikisha. Ninyi wa siku hizi mnajua, lakini labda atakayesoma karatasi hizi hatakuwa wa kwetu. Kwetu Wanande jina lako linasema umezaliwa wa ngapi. Kijana wa kwanza ni Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Msichana wa kwanza ni Masika, kama mimi. Wa tatu ni Kavugho. Hao wa chini wanaendelea mpaka kwa akina Ndungo, ambao ni wa saba, na Mwalimu wangu alikuwa akisema kwao yeye alijua ladha ya sufuria kuliko ladha ya chakula. Ukiitwa tu, watu wanajua ukae wapi na uongee saa ngapi.

Sasa kitabu kinauliza, "Wewe unataka nini?" Aliyekiandika kule alifikiri kila mtoto atajibu lake. Hakujua kwetu mtoto hajibu kabla ya mkubwa wake. Nilipouliza, chumba kizima kiligeuka. "Paluku aseme." Na kwenye chumba kulikuwa na akina Paluku na akina Mumbere wa kutosha, basi wakaweka vichwa pamoja kama wazee wa ukoo, wakanong'ona, na mmoja akasimama kutoa jibu. Wengine wakasema ndiyo. Tukasonga mbele. Hakuna aliyewafundisha, hakuna aliyelalamika, na mimi niliona vizuri kabisa: watoto wenye adabu, hakuna kelele. Hata Beni, kwa watoto wa Waislamu wenye magari ya mizigo, ambao majina yao hayana namba, haikuchukua muda nikawasikia wanaulizana, "Kwenu nani mukubwa?" na mukubwa akajibu.

Katikati ya kitabu kuna ukurasa mkubwa. Baridi kali inakuja, watu wa theluji wanang'oa hema, wanataka kushuka na wanyama kwenye majani. Kitabu kinakupa njia tatu. Ya kwanza: nenda mbele na baba wa nyumba, mkiongoza wanyama. Ya pili: panda na bibi kwenye gari lao la kuteleza, mlinde mizigo. Ya tatu: baki nyuma na shangazi. Hakijasema anabaki kwa nini, mpaka ufungue.

Miaka yote hiyo, Butembo mpaka Kayna, akina Paluku walichagua ya kwanza. Kwa nini wasichague? Mtoto wa kwanza anajua kazi yake ni kumfuata baba. Siku moja moja, mkubwa akiwa msichana, tulipanda na bibi. Ya tatu hakuna aliyeigusa. Ndiyo maana nilipokitoa sandukuni majuzi, kurasa za njia ya kwanza zilikuwa zimekuwa nyeusi kwa vidole, pembe zimelika. Zile za njia ya tatu zilikuwa zimeshikana, nyeupe, hazijapata hewa tangu siku ile ya Mwalimu Ndungo. Nilizipitishia mkono, nikasikia uchungu kidogo, nikajiambia, ni karatasi tu.

Msinidanganye kwamba simu ndizo zilizoua kazi yetu. Simu zilipunguza watoto, ni kweli, lakini Ndungo alikuwa anasema mtoto anarudi tu ukisoma vizuri. Barabara ndiyo iliyotuua. Kwanza tuliacha Beni, kwa sababu kila wiki kulikuwa na jina jipya la mtu aliyekatwa shambani, na mama gani angeniachia watoto nikae nao mpaka jioni? Kisha tukaacha upande wa Kirumba na Kayna. Mwisho chumba chenyewe kilijaa familia zilizokimbia, zimetundika maturubai kati ya kabati na kabati, na ni sawa, mtu alale kwanza. Masanduku nikayaleta kwangu. Mwalimu Ndungo alikufa kabla ya kuona hayo, na siku ya maziko yake nilikosa gari la kunifikisha kwao. Hilo nalo ninalijuta, hata kama barabara haikuwa yangu.

Sasa turudi kwa Kavugho. Alipofika kwangu alikuwa mtu wa kunyamaza. Anafua, anapika, anapalilia bustani yangu ambayo haikuwa na majani ya kupalilia. Ukimwuliza, "Umekula?" anajibu, "Ndiyo, Mama." Halafu mama mmoja muuza vitunguu akapita njia za porini kutoka Kirumba, akaleta habari. Muhindo ni mzima. Lakini jirani waliokuwa wakimsaidia wamekimbia, na sasa ni yeye peke yake anayemgeuza mama yake kitandani, anayempikia, anayemwogesha. Mwanaume kumwogesha mama yake mzazi, mnajua kwetu ni jambo gani. Yule mama mzee, muuza vitunguu alisema, hufunga macho na kulia kila mara, na Muhindo naye hufunga macho.

Kavugho alisikiliza, akamwandalia muuza vitunguu chai, akarudi bustanini. Mimi nikashukuru kimya, nikafikiri limepita.

Siku chache baadaye mvua iliwafungia watoto wake ndani. Mkubwa, Mumbere, ana akili kali na mdomo mrefu. Mdogo, Kambale, bado ananyonya kidole. Nikatoa kitabu cha theluji. Kavugho alikuwa kwenye kona, anapukuchua maharagwe. Nilikuwa sijasoma kwa sauti muda mrefu, lakini watoto ni wale wale wa siku zote. Nilipofika kwa mbuzi ya baridi, Mumbere akauliza kama anauma. Tukafika kwenye ukurasa mkubwa. Nikauliza, na Kambale, hata yule mdogo vile, alitoa kidole mdomoni akamtazama kaka yake.

"Tuende na baba yao," Mumbere akasema.

Nikashika ukurasa kufungua.

"Mama, soma ile ya tatu."

Ilikuwa Kavugho. Hakuinua kichwa.

"Mumbere ameshasema," nikamwambia.

"Minasikia. Wewe soma ile ya tatu. Mi nilikuwa nabakia kwenye mwisho ya benchi kila siku, minangoja tu mutu mumoja aseme ile ya tatu. Nilikuwa mutoto, nikakuwa kijana, nikaolewa. Hapana mutu alisema."

Sikujua. Alikuwa anakaa pale na ndugu zake tangu akiwa mdogo, nilimwona kama ninavyoona dirisha, na sikujua kuna kitu anangoja. Nikachukua kisu cha jikoni, nikaachanisha kurasa taratibu, na nikasoma.

Msitegemee kitu kikubwa. Kwenye ile njia, shangazi anabaki nyuma kwa sababu mnyama mmoja jike anakaribia kuzaa na hawezi kutembea. Wewe mgeni unabaki naye. Mnayeyusha theluji mpate maji. Mnalisha moto. Shangazi anakuonyesha namna ya kumsugua mnyama tumbo ili asiogope. Kurasa zinapita, hakuna simba, hakuna mwizi. Mtoto anazaliwa, mnangoja apate miguu, kisha mnashuka polepole, na mnapofika chini sherehe imekwisha na watu wamelala. Shangazi anakupa supu iliyobaki. Mwisho.

"Njo ile tu?" Mumbere akanilalamikia mimi, bibi yake. "Mukaka, hapana hata vita?"

Kavugho akacheka. Tangu aje kwangu sikuwa nimemsikia akicheka, na mikono yake ilikuwa imeacha maharagwe. "Kumbe njo ile tu," akasema. "Miaka yote mi nilifikiri kule kuko kitu ya ajabu. Kumbe ni kubakia na mutu." Halafu akafuta macho kwa kitambaa cha kichwa, akasema kwa sauti ileile, "Mama, mi minarudi Kirumba."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kitabu si padri, kwamba wazungu wameandika mambo ya mbuzi zao, hawajui barabara ya Lubero. Nilimwambia ana watoto. Nilimwambia nitamwita kaka yake. Na kweli nilimwita.

Paluku, mtoto wangu wa kwanza, si mtu mbaya, mnamjua, ana duka la misumari na mabati. Baba yao alipofariki yeye ndiye aliyewasomesha wengine, yeye ndiye aliyempa Kavugho kitanda na kuwaingiza watoto wake shuleni. Alikuja Jumapili baada ya misa, bado na suti, akakaa, nikampa chai, akaanza kabla ya kuonja.

"Nimesikia. Hapana. Haiendi."

"Yaya..." Kavugho akaanza, ndivyo anavyomwita kaka yake.

"Nimesema haiendi. Ile barabara watu banakufa. Muhindo ni mwanaume, atajua namna ya kufanya. Wewe unabakia hapa na batoto. Donc tumemaliza."

Alisema yale yote niliyomwitia aseme. Neno kwa neno. Na Kavugho akainamisha kichwa, akarudi kwenye maharagwe yake, na nikaona shingo yake imelegea vile, bila ubishi, bila hasira hata, na nikaelewa hivyo ndivyo alivyokuwa amekaa kwenye benchi langu. Hasira zikanipanda. Nilitakiwa kufurahi, nimepata nilichotaka.

"Paluku," nikasema, "wewe ni wa kwanza kwa nani?"

"Kwako, Mama."

"Na mimi ni wa kwanza kwa nani?"

Akachukua kikombe chake.

"Mimi ni Masika. Kwa baba yangu hakuna aliyefungua mdomo mbele yangu, hata wajomba zako. Basi leo ukubwa wangu ninautumia, na nisikusikie. Nyamaza. Kavugho aseme mwenyewe."

Mtoto wangu aliweka kikombe chini na kunitazama kama nimevua kitambaa mbele ya wageni. Kavugho naye alinitazama. Hakujua aanzie wapi. Alimtazama kaka yake amwelekeze, akanitazama mimi nimwelekeze, na hapo, vijana, ndipo kazi ngumu ilipo, ngumu kuliko gundi na kutafsiri: kumwuliza mtu wa mwisho na kisha kunyamaza. Usimsaidie. Usimwambie "si ndiyo?" Usitazame dirishani. Sisi wasomaji tunaogopa ukimya, tunaujaza haraka, na mtu anarudi ndani yake. Nilikaza meno.

"Siko naenda kwa sababu Muhindo ananiita," akasema mwishowe. "Hajaniita. Anaogopa kuniita. Siko naenda juu sina woga. Niko na woga mingi. Lakini yule mama, ni mi nilikuwa namwogesha. Anajua mukono yangu. Batoto nababakisha kwako, kule hapana masomo. Mi minataka kwenda."

"Na mimi nataka ubaki," nikamwambia.

"Minajua, Mama."

Nilingoja anyamaze na kunifuata, kama alivyozoea. Hakunifuata. Alikuwa ananitazama usoni, na ni mimi niliyeinamisha macho.

Paluku alitoka bila kumaliza chai. Nilifikiri tumempoteza. Lakini siku ya safari nilimkuta ametutangulia kwenye kituo cha magari, ukungu haujaondoka, ana chumvi, sabuni, dawa za homa na shuka mbili za mgonjwa, anamfokea dereva juu ya breki. Dereva alikuwa Shabani, ambaye baba yake ndiye aliyekuwa akinibebea masanduku mpaka Beni wakati ule. Alimwacha Paluku afoke mpaka achoke, kisha akanigeukia mimi.

"Mama Bitabu, sitakudanganya. Mi minafika paka Lubero. Mbele ya pale atatafuta pikipiki, na mbele ya pikipiki ni miguu."

"Mwambie yeye," nikasema. "Ndiye anayesafiri."

Akamwambia. Kavugho akaitika, akapanda, Paluku akamsukumia mzigo, akamshika mkono muda mrefu. Watoto hawakulia mpaka gari lilipopinda, halafu walilia wote wawili, na nilikuwa sina mgongo wa kuwabeba wote wawili.

Alipiga simu kutoka Lubero. Alipiga tena, nafikiri ni karibu na Kirumba, sauti inakatika, akasema amefika kwa watu wazuri na kesho ataendelea. Tangu hapo simu yake inaniambia haipatikani. Muuza vitunguu hajapita tena. Kila siku Mumbere ananiuliza asubuhi, na kila siku nina jibu lilelile, na Paluku anapita jioni kusimama mlangoni, haulizi, ananiangalia tu kisha anakwenda.

Mkiniuliza kama ninajuta kumwachia aende, nitawajibu ndiyo. Ninajuta nikiwapakulia watoto wake. Ninajuta mvua ikipiga, nikifikiri yuko chini ya paa gani. Ningeweza kunyamaza Jumapili ile, na leo angekuwa pale kwenye kona, mzima, anapukuchua maharagwe.

Lakini kuna jambo ninalolijuta zaidi, na hilo ndilo nimekaa kuwaandikia. Nilimzaa, nikamnyonyesha, nikamfundisha kusoma, nikamwoza, nikazeeka naye. Na siku aliposema "minataka" mbele yetu, ilikuwa mara ya kwanza ninasikia sauti hiyo. Ilikuwa nzito kidogo, ya mtu mzima, haina haraka. Sikuwa ninaijua.